Vidole vya Bibi Vimefutika, Haki Yake Haijafutika



Leo sitaongea kuhusu polisi wala uchaguzi. Leo naomba tuongee kuhusu bibi yako na babu yako. Usiipitishe haraka hii posti, mwisho wake kuna kazi nataka tugawane.

Majuzi nilimsindikiza bibi mmoja wa mtaani kwetu, hapa Kisauni, kwenda kuchukua pesa ya wazee. Ana miaka 78. Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu kwa malipo hayo hayo. Tulifika kwa ajenti saa mbili asubuhi tukapata foleni ishapita duka la pili. Hakuna kiti, hakuna kivuli, wazee wameketi kwenye ukingo wa mtaro. Zamu yake ilipofika ilikuwa yakaribia saa tano. Akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine. Kikakataa. Akapangusa kidole kwa leso, akaweka tena. Kikakataa. Akajaribu vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na watu nyuma washaanza kuguna. Mwisho kijana wa pale akamwambia, "Mama, mashine haikutambui. Rudi wiki ijayo."

Bibi huyu amesuka ukili tangu utotoni. Mikeka na makawa yake yako kwenye nyumba nyingi kuanzia Kisauni hadi Mtwapa, na kwa ukili huo amesomesha watoto watano. Ukili ndio uliokula alama za vidole vyake.

Tukiwa kwenye tuktuk twarudi, nikamuuliza kama dawa zake za presha anazo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Zimekwisha, mwanangu. Nilikuwa nangojea hizi pesa." Zilikuwa zimekwisha siku tisa.

Siku tisa, ndugu zangu. Jina lake liko kwenye orodha, kitambulisho anacho, pesa yake imetumwa. Na nyumbani ana wajukuu wanne wenye simu kubwa, bundles haziwaishii. Hakuna hata mmoja aliyejua. Mimi pia naishi nyumba ya tatu kutoka kwake, na sikujua.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja tu. Haki za wazee wetu tayari ziko kwenye Katiba na sheria. Lakini kati ya mzee na haki yake pamewekwa simu, fomu, mashine ya vidole na foleni ya masaa matatu. Vitu hivyo sisi vijana twaviweza, wao hawaviwezi. Tukikaa kando, haki ile inabaki karatasi.

SI SADAKA, NI HAKI

Kwanza tuondoe kosa moja vichwani. Wengi huona pesa ya wazee kama msaada wa mwanasiasa. Utasikia mzee akisema "serikali imetusaidia", na wengine wakitishwa ati wasipokaa upande fulani jina litatolewa. Hapana.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazi kuhusu wazee: wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia yao na kutoka kwa Serikali. Wote wawili, familia na Serikali. Hakuna anayeruhusiwa kumsukumia mwenzake. Na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 260, inahesabu mzee kuwa ni mtu aliyepita miaka 60.

Hii tunayoita pesa ya wazee ni mpango ulio ndani ya Inua Jamii. Ni wa waliofika miaka 70 kwenda juu, na kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, hufiki shilingi 70 kwa siku. Kiwango hicho hakijasonga kwa zaidi ya miaka kumi, na wewe wajua unga, mafuta na nauli vimesonga kiasi gani. Halafu nyakati nyingi malipo hucheleweshwa, miezi ikarundikana. Mzee ashakopa dukani, pesa ikija yote yaenda kwa mwenye duka.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kusema jambo hili ni geni kwetu. Imepokewa katika Kitab al-Kharaj cha Qadhi Abu Yusuf kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimpita mzee kipofu akiombaomba milangoni. Akamuuliza, akajua ni Myahudi, na kwamba kilichomtoa ni uzee, shida na ile jizya anayodaiwa. Sayyidna Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa alichojaaliwa, kisha akamwita mwangalizi wa Baitul-mal na kumwamuru amwangalie mzee huyu na wazee mfano wake. Jizya akamwondolea. Sababu aliyoitoa ni kwamba si uadilifu kumla mtu ujanani halafu kumtupa akizeeka.

Tazama vizuri kisa hicho. Mzee yule hakuwa Muislamu. Hakuambiwa alete barua ya chifu. Na Khalifa hakuishia kutoa sadaka ya mfukoni akaenda zake. Alikwenda kwenye hazina ya dola akabadilisha utaratibu, ili wazee wote wa aina ile wapate. Ukitaka kujua kutetea haki ni kitu gani katika dini yetu, anzia hapo.

MLANGO WA KWANZA: KITAMBULISHO

Bila kitambulisho hakuna pesa ya wazee, hakuna bima ya afya, hakuna laini ya simu. Na kitambulisho ndicho kidonda chetu sisi Waislamu wa Kenya. Kwa miaka mingi watu wetu wa Garissa, Wajir, Mandera, na sehemu nyingi za Pwani walipitishwa kwenye kamati za mchujo ambazo Mkenya wa kule bara hazijui. Leta kitambulisho cha babu, leta cha babu yake babu. Mwezi Februari 2025 Rais alitia saini tangazo huko Wajir la kuondoa mchujo huo wa ziada kwa kaunti za mipakani. Tumelipokea. Lakini tangazo halimrudishii miaka mzee ambaye alizungushwa tangu akiwa kijana mpaka akakata tamaa.

Halafu kuna hili la umri. Wazee wetu wengi hawakuzaliwa hospitali. Siku ya kuandikishwa, karani alimtazama mtu usoni akakadiria mwaka. Wengine walipunguzwa miaka mitano, wengine kumi. Leo mzee ambaye watoto wake wa kwanza washastaafu, kitambulisho chasema ana miaka 66, hajafika. Yeye hakudanganya. Karani alikisia, na sasa makisio yale yamegeuka ukuta.

Kwa hivyo leo jioni muombe bibi kitambulisho chake, usome. Jina limeandikwa sawa? Mwaka walingana na historia yake? Kama kuna kosa, pelekeni jambo hilo afisi ya usajili wa watu ya eneo lenu mapema, msingoje siku ya shida.

MLANGO WA PILI: AFYA

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka ikaingia SHA. Wazee wengi walilala na kadi ya NHIF mfukoni wakaamka haina kazi, na hakuna aliyewaketisha chini akawaeleza. Usajili ni kwa simu, *147#, au kwa mtandao. Mwambie mtu wa miaka 75 mwenye kabambe na macho yenye mtoto wa jicho ajisajili, uone.

Jambo ambalo vijana wengi hamulijui ni hili. Mtu akishajisajili, huduma za msingi kwenye zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, hata kama hajatoa mchango. Kupimwa presha na kupimwa sukari ni mambo ya huko. Lakini akihitaji kulazwa hospitali kubwa, hapo mchango lazima uwe umelipwa. Kwa asiye na mshahara, kiasi hukadiriwa kwa maswali kuhusu maisha ya nyumbani: nyumba ya aina gani, choo gani, maji yatoka wapi. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipwa kwa mwaka, yaani 3,600 kwa mkupuo.

Sasa fikiria mjane anayeishi kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyumba yaonekana ya mtu mwenye uwezo. Ndani hamna kitu. Maswali yale huona ukuta, hayaoni sufuria. Ndiyo maana ni muhimu wewe mwenyewe ukae naye wakati wa kujibu, majibu yawe ya kweli na kamili, asiwe anajibiwa na mtu baki anayekimbilia kumaliza foleni.

MLANGO WA TATU: USALAMA

Hapa naomba tusikimbie.

Tukiuliwa kijana mmoja na polisi, ukurasa huu huwaka moto, na ni haki uwake. Lakini Kilifi na Kwale, na kule Kisii pia, kuna wazee wanaouawa kwa kuitwa wachawi, na sisi tuko kimya. Mzee akiota mvi, macho yakawa mekundu kwa moshi wa miaka ya kupika, basi mtoto wa jirani akiugua, yeye ndiye. Wengine wamekimbia nyumba zao. Kule Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma ambacho huwahifadhi wazee waliookolewa na vifo hivyo. Fikiria umejenga boma lako, umelea humo, halafu uzeeni unalala ugenini kwa kuogopa watoto wako mwenyewe.

Na ukichimba, mara nyingi chini ya uchawi utakuta shamba. Mzee ndiye mwenye ardhi, hataki kuuza, na kuna watu wana haraka. Neno "mchawi" huwa ni kisingizio tu. Wanaotumwa kushika panga ni nani? Ni vijana, rika letu. Wengine hulipwa pesa kidogo mno.

Kwa Muislamu jambo hili lina dhambi juu ya dhambi. Kumsadiki mganga anayenyooshea mtu kidole, kumsingizia mja wa Allah asiyekuwa na kosa, kisha kumwaga damu. Na sheria ya nchi yenyewe, ile Sheria ya Uchawi ya tangu enzi za mkoloni, 1925, yahesabu kumtuhumu mtu ovyo uchawi kuwa ni kosa. Ukisikia mtaani au kijijini jina la mzee limeanza kutajwa tajwa, usingoje mpaka panga litoke. Hapo hapo mjulishe imamu, mjulishe chifu, piga ripoti kituoni uchukue namba ya OB. Maneno ndiyo huanza, mauaji hufuata.

SISI NASI TUJITAZAME

Nimeisema Serikali, nimemsema karani. Sasa tujiseme.

Kuna mjukuu ambaye laini ya M-Pesa ya bibi yake yeye ndiye anaitumia. Amechukua Fuliza kwa jina la bibi. Mama yake yuko Saudia afanya kazi za ndani, akituma elfu tatu ya mchele na dawa, Fuliza yakata kwanza. Bibi aambiwa "mtandao uko chini". Huu ni wizi. Usiupambe kwa jina lingine.

Kuna anayekwenda kumtolea babu pesa ya wazee, ni elfu nne za miezi miwili, nyumbani zafika elfu tatu. Kuna anayemfungia mzee chumbani siku nzima kwa sababu "anasahau sahau" na atatia aibu mbele ya wageni. Kuna dada zetu wanaoachiwa peke yao kazi yote ya kumwogesha, kumgeuza kitandani na kumlisha, na ndugu wanne wa kiume wanauliza tu kwenye simu, "Mama aendeleaje?" Kisha siku ya maziko hao ndio wa mbele kabisa kwenye jeneza.

Suratul Israa, aya ya 23, yatukataza hata ile sauti ndogo ya kuchoshwa mbele ya mzazi aliyezeeka. Sauti tu. Basi na kumla pesa yake je?

Na tuseme ukweli mwingine: wengi wa bibi zetu wa miaka 60 na 70 sahii ni wazazi upya. Mabinti wako Ghuba, na wao ndio wanaolea wajukuu. Wengine wanao walioachwa na vijana waliopotezwa, ambao mpaka leo hatujui waliko. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa na watu wasiojulikana huzeeka mara mbili. Tukimpigia kelele mwanawe halafu tusimuulize mama kama amekula, kazi yetu haijakamilika.

KAZI YA KUGAWANA

Nilisema kuna kazi. Ni hii, na yote yawezekana kabla ya Ijumaa mbili kupita.

1. Chagua mzee mmoja. Wako mwenyewe kwanza, na kama huna, jirani. Kaa naye nusu saa bila simu. Umuulize dawa anazotumia, zitaisha lini, na huenda kliniki wapi. Andika.

2. Soma kitambulisho chake, kisha piga *147# mkiwa pamoja kuangalia usajili wake wa SHA. Namba ya siri ibaki yake. Usiijue kama si lazima.

3. Kama amefika miaka 70 na hapati Inua Jamii, nenda naye, au umwendee, kwa chifu na kwa afisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Uandikishaji hufunguliwa kwa vipindi, kwa hivyo hakikisha jina lake liko tayari mlango ukifunguliwa. Hautozwi pesa. Anayedai "ya chai" ili aandike jina, chukua jina lake yeye.

4. Kama vidole vimefutika au hawezi kutembea, mpango huu unaruhusu mtunzaji aandikishwe achukue kwa niaba yake. Yule bibi wa ukili ndivyo tulivyomaliza: barua moja, safari mbili za afisini, na bintiye akaandikishwa. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba njia hiyo ipo. Mchagueni mtunzaji mkiwa familia nzima, na kila malipo yakitoka, mzee ahesabiwe mkononi mwake.

5. Akikataliwa, usirudi na maneno matupu. Omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaipa afisi ya umma siku 21 za kujibu ombi, na 48 ni masaa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Wasipojibu, malalamiko huenda kwa Ombudsman. Barua hiyo ni ukurasa mmoja. Kama huwezi kuiandika, tuandikie kwenye inbox, tutakusaidia.

6. Zungumza na imamu na kamati ya msikiti wako. Saa moja baada ya Swala ya Ijumaa, vijana watatu wakae kibarazani na simu zao, wazee wa kike na wa kiume waje wasaidiwe. Muuguzi wa mtaa akija na mashine ya presha, bora zaidi. Na mkimaliza, mtazame ngazi za msikiti. Mzee wa goti bovu azipandaje?

TUNAYOIDAI SERIKALI

Kazi hiyo ya mitaani haiiondolei Serikali jukumu lake hata chembe. Twadai malipo yatoke kwa wakati. Twadai kiwango cha shilingi 2,000 kitazamwe upya kulingana na gharama ya maisha. Twadai kila kituo cha malipo kiwe na viti, kivuli na njia nyingine ya kumtambua mzee vidole vikikataa. Twadai wenye makosa ya umri kwenye vitambulisho warekebishiwe bila kuzungushwa. Twadai kila mauaji ya mzee yachunguzwe kama mauaji mengine yoyote, kesi zifike mwisho, na waliotuma washtakiwe pamoja na waliotumwa.

Na tutayadai haya kwa ajili ya kila mzee, wa kabila lolote na dini yoyote. Sayyidna Umar hakumuuliza yule kipofu dini yake ili amnyime.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule bibi. Dawa anazo. Alikuwa kibarazani na ukili wake, akaniambia nikae nimshikie ncha. Nikamwambia vidole vyangu havijui. Akacheka, akasema, "Utajifunza. Na mimi nilijifunza kwa mtu."

Allah awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atujaalie sisi tusiwe sababu ya machozi yao. Amin.

Itume hii kwenye grupu ya familia, usiogope kumkwaza mtu. Halafu zima simu, uende ukamuulize bibi dawa zake zitaisha lini.